Gundi Mpya Ndani ya Mkebe wa Baba Mkwe

Shangazi Marietha, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Ilongero nikiwa nimekaa juu ya tairi la akiba na mikono ina oili, kwa hiyo ukiona alama nyeusi kwenye karatasi nisamehe, na naomba unisaidie upesi, barua hii usiiweke chini ya zingine za wasomaji wa gazeti lako, kwa sababu jambo lenyewe lina harusi ndani yake na harusi haisubiri, na mimi peke yangu nimeshafikiri mpaka kichwa kinauma na kila njia ninayoitazama naona mwisho wake ni aibu.

Naitwa Damari, Mama Derick kwa watu wa hapa, mke wa Noel ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, na kazi yangu ni ufundi wa magari. Nilisomea Singida mjini, nikarudi nikafungua gereji ndogo pembeni ya njia ya kwenda mnadani, natengeneza pikipiki za bodaboda, matrekta ya watu wa alizeti na pikapu zinazozunguka huku vijijini, na watu walishazoea kumwona mwanamke ndani ya ovaroli. Ambacho hawajazoea mpaka leo ni kutuona mimi na baba mkwe wangu tumelala chali chini ya gari moja, maana huku kwetu mkwe na mkamwana wanaheshimiana kwa umbali, hata kupeana mkono watu wanaona haya, halafu sisi tunapeana spana, mimi nasema "shikamoo baba" nikiwa nimelala na oili inanidondokea shavuni, naye anaitikia "marahaba Mama Derick, hebu nishikie hapa." Majirani wanapita wanacheka, na sisi wenyewe tunacheka.

Baba mkwe anaitwa Mzee Zefania. Ujana wake wote alikuwa dereva wa hospitali moja ya misheni, akibeba wagonjwa kwenye njia ambazo hata punda anazifikiria mara mbili, na alipostaafu alinunua gari la kizamani lililochoka, lenye bodi ya bati nene na usukani mpana kama ungo, akalifufua mwenyewe, na gari hilo ndilo roho yake. Jesca, wifi yangu wa mwisho, tangu akiwa mtoto aliahidiwa kwamba siku ya kuolewa baba yake ndiye atakayemwendesha kwa mkono wake mpaka kwa mume. Sasa amepata mchumba wa Kintinku, huko Manyoni, na siku imepangwa.

Shangazi, huyu mzee ana imani yake katika ufundi. Kuna gundi moja ya mkebe wa njano, kifuniko chake kina brashi ndani, gundi yenyewe nzito, ya kahawia kama asali, ambayo alianza kuitumia kwenye karakana ya misheni, na kwake hakuna bolti inayofungwa bila kupakwa gundi hiyo, hakuna gasketi inayokaa bila hiyo, hata kiatu kikiachia soli anakipaka hiyo hiyo. Anapaka, anaiacha ipigwe na hewa mpaka ianze kunata kidoleni, anafunga, anasema "Amina." Na lazima niseme ukweli, gari lake halijawahi kuangusha nati.

Tulipolifungua gari kulitayarisha kwa ajili ya harusi, giaboksi iko chini, propela iko chini, lile bomba refu linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, mzee akafungua mkebe wake akakuta umebaki ukoko tu. Akanituma mjini. Muuza vipuri wa kwanza akaniambia kiwanda kilishaacha kuitengeneza zamani, akaniuliza kama naitafutia makumbusho. Wa pili akanipa gundi ya viatu. Wa tatu, mtu mzima wa makamo ya baba mkwe, akaingia stoo akatoka na mkebe wenyewe kabisa, wa njano, nikaruka kwa furaha dukani mwa watu, tulipoufungua gundi ilishakuwa jiwe. Nikauliza kwenye kundi letu la mafundi la WhatsApp, kila mtu akataja gundi yake na kuapa kwamba hiyo ndiyo mrithi halali, wakaanza kugombana wao kwa wao, nikazima simu.

Aliyenifungua macho ni Stumai, fundi mwenzangu tuliyesoma naye, yuko Manyoni, akanipigia akasema, "Damari, acha kutafuta jina. Hiyo gundi ilikuwa inafanya kazi ngapi?" Nikamtajia, bolti, gasketi, mpira, viatu. Akacheka akasema, "Basi siku hizi hakuna mtu mmoja anayefanya kazi zote hizo. Tafuta kwa kazi. Bolti hiyo utaifungua tena, au ikifungwa imefungwa? Nene au nyembamba? Inakaa kwenye moto? Inaguswa na oili? Ukijibu hayo, gundi itajitaja yenyewe." Nikajibu. Ikatokea kwamba bolti za propela zinataka gundi ya nati ya bluu, ile inayoshika vizuri lakini spana ikija inakubali kuachia, na siyo nyekundu ambayo ukitaka kuifungua lazima uichome moto, na kwenye giaboksi inatakiwa silikoni inayovumilia oili. Nikanunua ya bluu na tyubu ya silikoni. Nikapaka bolti chakavu ile ya bluu, nikafunga nati yake, nikaibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, nikaiacha mpaka kesho yake, nikaijaribu, ikagoma, nikaikaza mkono, ikaachia kwa heshima. Nilifurahi kama nimepata mtoto.

Nikampelekea mzee chupa. Akaigeuza geuza, ni ndogo kweli, ina mdomo mwembamba, akaniuliza, "Mama Derick, nani anaumwa macho?" Nikasema, "Baba, hii ndiyo gundi ya nati ya siku hizi." Akasema, "Gari si kuku ulitibu kwa matone." Nikamweleza habari za Stumai, nikamweleza habari za jiliwa, akanisikiliza kwa adabu yake yote halafu akafuta spana zake moja moja, akazirudisha kwenye sanduku, akasema bila mkebe wa njano hafungi hata nati moja, maana atakayepanda gari hilo ni binti yake. Gari likakaa chini vipande vipande, Jesca kila akipita pale anageuza uso.

Ndipo nikafanya hili ninalokuandikia. Nilikwangua ule mkebe mpaka ukang'aa ndani, nikanunua chupa zingine za bluu, nikazimimina humo, nikachanganya na wino kidogo wa kahawia wa kupaka viatu ili rangi isinisaliti, nikampelekea, nikasema, "Baba, nimepata. Kuna duka lilikuwa limebakiza." Shangazi, yule mzee aliimba. Alisimama katikati ya uwanja na mkebe mkononi akaimba pambio mpaka mwisho, akamkamata jogoo wake mwekundu akanikabidhi, akaniombea baraka mbele ya watu, mimi nimeinamisha uso, watu wanadhani ni heshima ya mkwe.

Kazi ikaanza na matatizo yakaanza papo hapo. Anapaka bolti, anasubiri gundi ianze kunata, haikauki, anasubiri tena, haikauki, anajifuta jasho anasema, "Zamani ilikuwa haifanyi hivi," halafu anajijibu mwenyewe, "au nimesahau mimi?" Giaboksi akaipaka hiyo hiyo kabla sijawahi na silikoni yangu, ikavuja. Kila akifungua mkebe anakuta mabonge ndani, anadhani ni yeye ameacha kifuniko wazi, anajilaumu. Jirani yetu Amne, ana pikapu ya kubebea alizeti, akaja kuomba kidogo kwa ajili ya skrubu za taa ya mbele zinazolegea kila siku, mzee kwa furaha akampakia mwenyewe, na kesho yake Amne akarudi akicheka mpaka analia, "Mzee Zefania, taa yangu imepasuka kama yai!" Plastiki yote ya taa ilikuwa imechanika. Amne hana kinyongo, lakini mzee hakucheka. Alivua kofia akamwomba radhi mtu aliye sawa na binti yake.

Halafu likaja la propela. Alilijaribu gari mpaka Mtinko, mimi nikiwa pembeni yake, na wakati wa kurudi tukasikia chini kunagonga, nikamwambia asimame, nikaingia chini nikakuta bolti moja ya propela haipo na ya pili inazunguka kwa vidole. Tuliweka bolti nilizokuwa nazo mfukoni, tukazibana, tukarudi pole pole. Tulipofika akanikabidhi funguo za gari. Akasema, "Mama Derick, mikono yangu imeisha. Gundi ni ile ile, gari ni lile lile, kilichobadilika ni mimi. Mkodieni Jesca gari lingine. Nisije nikamuua mwanangu siku ya harusi yake."

Tangu siku hiyo anakaa mlangoni anaangalia mikono yake. Sanduku la spana anataka kumpa mtu. Jesca analia, anasema bila baba yake kwenye usukani haendi. Noel mume wangu nilimweleza yote, akasema nisithubutu kufungua mdomo, kwamba mzee akijua mkamwana wake alimdanganya na akapokea na jogoo, atakufa kwa fedheha, bora tukodi gari yaishe. Mimi nikimtazama mzee pale mlangoni naona ninamuua polepole, lakini nikifikiria kusimama mbele yake nikaseme "baba, nilikudanganya," najificha chini ya trekta la mtu, maana mkwe wa huku hamkoseshi baba mkwe usingizi akabaki na uso. Nifanyeje Shangazi? Nikae kimya kama mume wangu anavyosema, au niseme? Na nikisema, gari tutalifungaje?

Wako mwenye hofu,
Damari, Ilongero

*

Marahaba, Damari.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka na ya pili bila kucheka. Kucheka ni pale pa wino wa viatu. Mwanangu, ulitia kiwi ndani ya gundi ya bolti za propela? Halafu unashangaa bolti zinazunguka kwa vidole? Hapo sitakuonea huruma hata kidogo. Wewe ni fundi uliyesomea. Uliifanyia majaribio gundi safi kwenye jiliwa, ukaridhika, halafu ukaichafua kwa mkono wako ili ifanane na kitu kingine, ukampa mzee aifunge kwenye gari la kubeba bibi harusi. Nafurahi mmerudi salama kutoka Mtinko, na nataka uelewe kwamba mlirudi kwa sababu ulikuwa na sikio zuri na bolti mfukoni. Siku nyingine usingekuwa nazo.

Mimi si fundi. Lakini gari letu la kusambaza magazeti lina fundi, anaitwa Gerald, na nilimsomea barua yako huku anakunywa chai. Chai ilimpalia. Alipopumua akanieleza mambo ambayo naamini unayajua ila hofu ilikufanya uyasahau. Gundi ya nati ya siku hizi inakauka kinyume na ile ya zamani. Ile ya mkebe ilikauka kwa kupigwa na hewa. Hii ya bluu inakauka ikinyimwa hewa, ikibanwa kati ya chuma na chuma. Kwa hiyo mzee alipokuwa akiiacha nje na kusubiri, angesubiri mpaka mvua zije. Hakusahau kitu, alifuata kanuni sahihi kwa gundi ambayo haikuwa ile. Mabonge je? Gundi hiyo huuzwa kwenye chupa ya plastiki ambayo haijazwi, makusudi ibaki na hewa juu. Wewe umeijaza kwenye mkebe wa chuma ukabana kifuniko. Ilikuwa inaanza kukauka humo humo. Na plastiki haipatani nayo, huifanya ichanike, ndiyo maana taa ya Amne imepasuka. Kila kosa ambalo mzee amejitwika ni la mkebe ule, na mkebe ule umeujaza wewe.

Sasa swali lako. Unauliza useme au ukae kimya, na mimi nakuuliza, ukikaa kimya unamlinda nani? Noel anasema anamlinda baba yake na fedheha. Noel, najua utasomewa ukurasa huu: baba yako tayari yuko kwenye fedheha. Anakaa mlangoni anaangalia mikono yake. Amevua kofia akaomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya. Mtoto wa kiume unayaona hayo kila ukitoka shule, na dawa yake iko kwenye mdomo wa mkeo, na wewe umeushika mdomo huo usifunguke. Mwachie.

Na Mzee Zefania naye, kwa heshima zote, shikamoo. Wewe ulikataa chupa bila kuijaribu. Mkamwana wako alikuja na maelezo, akaja na bolti aliyoijaribu, ukamjibu kwa utani na kufunga sanduku. Ungesema "hebu tuijaribu" jogoo wako ungekuwa naye mpaka leo.

Damari, fanya hivi. Leo hii, kabla hawajakodi gari. Usiende peke yako, nenda na Noel, kwa sababu mila inataka mtu wa kusimama kati yenu na yeye anatakiwa asikie. Usiende na majirani. Usianze na "nisamehe", maana ukianza na hilo utalia na yeye atakubembeleza na ukweli hautatoka. Anza na hili: "Baba, mikono yako haijakosea." Halafu eleza kwa nini. Msamaha uombe mwishoni, kwa magoti kama ilivyo desturi yenu, na usijitetee. Kisha nenda kwa Amne, mweleze kwamba taa uliivunja wewe, umnunulie nyingine.

Kuhusu gari, maneno haya ni ya Gerald. Kila bolti iliyoguswa na mkebe ule ifunguliwe. Zote, usiruke hata moja kwa kuwa inaonekana nzuri. Sugua kwa brashi ya waya, osha mafuta yote kwa thina mkiwa nje, mbali na moto, zikauke kabisa. Bolti za propela nunua mpya. Gundi ya bluu kutoka kwenye chupa yake, kidogo, pale nati itakapokaa, funga mara moja bila kusubiri, kaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, halafu liache gari lipumzike mpaka kesho yake. Giaboksi itolewe gundi yote ipakwe silikoni. Nati za magurudumu usizipake kitu chochote. Na nyekundu iache dukani, hamna kazi nayo.

Wasomaji wangu, jibu hili sikulisubiri lichapwe gazetini. Nilimtumia Damari kwa simu siku ile ile barua yake iliponifikia, kwa sababu harusi haisubiri, alisema mwenyewe. Nikakaa bila kusikia kitu. Nikaanza kujilaumu kwamba nimemwingiza mtoto wa watu kwenye matatizo.

Alinipigia akiwa Kintinku. Nyuma yake spika zinapiga kelele, vigelegele, ikabidi atembee mpaka nyuma ya ukumbi ndipo nimsikie.

Anasema walimkuta mzee mlangoni. Akasema yale maneno niliyompa, "Baba, mikono yako haijakosea," na mzee akainua uso akauliza, "Unasemaje?" Akamweleza yote, mkebe, chupa, kiwi. Noel amesimama pembeni kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo ile bolti ya Mtinko haikuanguka kwa sababu mimi sijui kukaza?"

"Hapana, baba. Ulikaza vizuri. Gundi ndiyo ilikuwa mbaya, na niliiharibu mimi."

Damari anasema yule mzee alipumua kama mtu aliyetuliwa gunia. Halafu akakasirika, na alikasirika kweli kweli, kwa Kinyaturu, akazunguka uwanja mzima, akamgeukia na Noel akampa sehemu yake. Alichokuwa anarudia ni kwamba amemvulia Amne kofia bure. Akaondoka kwenda shambani, hakurudi kula. Damari akawa na hakika ameivunja nyumba.

Asubuhi alipofika gereji alimkuta mzee ameshalala chini ya gari, anafungua propela. Kabla Damari hajamsalimia, mzee ndiye alianza kuuliza kutoka huko chini: "Hii ya kunyimwa hewa, inajuaje kwamba imenyimwa hewa?" Damari akaingia chini, akatoa shikamoo yake, akamweleza. Mzee akamtaka amwonyeshe kwenye jiliwa. Akamwonyesha. Akataka aijaribu mwenyewe. Akaijaribu, akaning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote, bolti ilipoachia akaitazama muda mrefu akasema, "Loo, kumbe ina adabu." Tangu hapo wamefanya kazi pamoja, na anasema mzee amekuwa msumbufu kuliko mwanzo, kila bolti anataka kujua rangi gani na kwa nini, na amempigia Stumai simu mara nyingi kuliko yeye mwenyewe anavyompigia. Kwa Amne walikwenda wote wawili. Amne alicheka upya.

Siku hiyo ya harusi ndiyo walisafiri. Mzee Zefania kwenye usukani amevaa suti, Jesca nyuma na shela lake, Damari kiti cha mbele na mfuko wa spana mapajani juu ya kitenge cha harusi. Manyoni Stumai aliwapokea barabarani, gari likapigwa jeki, mafundi wanawake wawili wamevaa sare za harusi wakaingia chini wakagusa kila bolti. Hakuna iliyolegea. Wakafika Kintinku na vumbi na vigelegele.

Kwenye sherehe, wazee wa upande wa bwana harusi walimwomba Mzee Zefania asimame aseme neno, wakamsifu kwamba ni fundi mkubwa, gari la umri ule limetoka Ilongero bila kukohoa. Mzee akashika kipaza sauti akashukuru, akasema, "Ndugu zangu, mimi leo ni dereva tu. Fundi ni yule pale, mkwe wangu Damari. Simama wakuone." Damari anasema alisimama, ukumbi ukapiga makofi, na safari hii hakuinamisha uso.

"Sasa Shangazi, sifa zote hizi nifanye nazo nini?" akaniuliza, huku analia na kucheka.

Nikamwambia arudi ukumbini akacheze na wifi yake. Na kesho yake, kabla hawajawasha gari kurudi Ilongero, aingie chini akaguse bolti zote tena.